Mzazi Mzee na Urithi Wake

Someni kwanza Mwanzo 27 na 1 Wafalme 1, kisha Amri ya Nne na ya Tisa katika Katekisimo Ndogo.

Ndugu wapenzi, mwezi huu twaleta mbele yenu jambo ambalo sisi wenyewe tuliteleza ndani yake. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja wa usharika wetu, hapa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, alitia dole gumba katika karatasi, nasi wawili katika wazee wa kanisa tukaandika majina yetu chini yake kuwa mashahidi. Karatasi ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Tuliambiwa kwamba ni wosia. Mzee alikuwa amelala kitandani, macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, na aliyetuita alikuwa mtoto wa ndugu yake, yule aliyekuwa akimwogesha na kumpikia, na kumshika mkono kwenda ibadani. Tulimwuliza mzee, "Baba, umekubali?" Akajibu, "Ndiyo." Yule kijana alikuwa amesimama karibu na kichwa cha kitanda. Tukanywa chai, tukaomba, tukaenda zetu tukidhani kwamba tumefanya kazi njema.

Miezi minne baadaye binti wa mzee, aliyeolewa Arusha, alikuja kwetu na nakala ya karatasi ile. Haikuwa wosia. Ilikuwa hati ya kuuza nusu ya kihamba, ile nusu yenye makaburi, kwa fedha ambazo mzee hakuzipokea kamwe. Na chini yake yalikuwapo majina yetu.

Kwa hiyo hatuandiki somo hili kama watu wasio na deni.

Wengi wetu tulijifunza Amri ya Tisa tulipokuwa watoto wa kipaimara, tukaisema mbiombio ili tufike mwisho. Itazameni tena. Luther alipoeleza amri hiyo ya kutoitamani nyumba ya jirani, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakusema habari za mwizi avunjaye ukuta usiku. Huyo alikwisha kutajwa katika Amri ya Saba. Alitaja urithi kwa jina lake, akataja hila, tena akataja kule kujipatia kitu kwa njia inayofanana na haki. Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Amnyang'anyaye mzee mali yake mara chache huja na panga. Huja na bakuli la uji, na karatasi yenye muhuri, na wazee wawili wa kanisa kuwa mashahidi.

Haya na tumtazame Isaka. Alikuwa mzee, macho yake yameingia kiza. Rebeka alijua chakula akipendacho mumewe, akakipika. Akamvika Yakobo mavazi ya kaka yake, akamfunga ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni. Watu wakisoma sura hii huwa wanatazama ujanja wa mama au uongo wa mwana. Sisi twapenda leo mmtazame Isaka mwenyewe. Mzee huyu hakuwa mjinga. Alistaajabu jinsi windo lilivyopatikana upesi. Alimwita mwana amkaribie apate kumpapasa. Masikio yake yalimwambia jambo moja na mikono yake jambo jingine, naye akauliza tena waziwazi kama huyu ndiye Esau kweli. Mashaka yote ambayo mtu mwenye akili angekuwa nayo, yeye alikuwa nayo. Alichokosa ni mtu wa pili wa kumwuliza. Katika hema ile hapakuwa na mtu ila yule atakayepata faida, na nje ya hema alikuwapo yule aliyemtuma. Mzee aliachwa apime neno kwa vidole vyake na pua yake peke yake.

Tena angalieni haraka yao. Isaka alikuwa amesema kwamba hajui siku ya kufa kwake, na nyumba yote ikaenda mbio kana kwamba atakufa kesho. Walakini aliishi miaka mingi baada ya hapo. Yakobo alikaa kwa Labani miaka ishirini, akarudi, na wana wote wawili wakamzika baba yao. Habari za Rebeka ni nyingine: hatusomi mahali popote kwamba alimwona tena mwana wake aliyempenda.

Linganisheni na nyumba ya Daudi. Mfalme amekuwa mzee hata nguo hazimtii joto, na Adoniya afanya karamu yake mbali, bila baba kujua. Wako wasemao kwamba Nathani na Bath-sheba nao walimvuta mzee upande wao, maana walikuwa na faida yao. Hatukatai, mwenye kusoma sura ile kwa uangalifu ataona kwamba walipanga maneno yao kabla ya kuingia. Lakini yaliyofuata hayakufanyika gizani. Daudi alitoa neno kwa kinywa chake, akawaita kuhani na nabii na mkuu wa askari, naye Sulemani akapakwa mafuta kule Gihoni mbele ya watu, tarumbeta zikalia, hali Daudi yu hai na aweza kukana kama wamemsingizia. Hiyo ndiyo tofauti tunayotaka mwishike: si kwamba hakuna mtu aliyesema na mzee, bali kwamba mzee alisikiwa na wengi, na mapema, angali aweza kusema hapana.

Mambo haya huja namna gani katika nyumba zetu? Kwa desturi ya Wachagga mwana mkubwa hupewa kihamba chake, kitinda mimba hubaki na wazazi na nyumba yao humwangukia, na wale wa katikati huambiwa watafute mahali pengine. Desturi hiyo ilitaka kitinda mimba awepo nyumbani. Siku hizi naye yuko Dar es Salaam au Mwanza, na vihamba vimegawanywa kizazi baada ya kizazi hata masale ya mipaka yamekaribiana mno. Basi mzee hubaki na yeyote aliyebaki: mkaza mwana, mjukuu, mtoto wa ndugu, au mtoto mmoja aliyerudi kutoka mjini baada ya kazi kumwishia.

Msimdhanie vibaya kila amtunzaye mzee. Wengi wao ndio wanaoishika Amri ya Nne kwa niaba ya wale waliokimbilia mjini na kutuma fedha kwa simu. Tena ni haki mtu huyo apate kitu. Kazi ya kumwinua mzee usiku si kazi ndogo. Lakini ndani ya utunzaji huo huzaliwa nguvu ambayo hakuna aliyeipa jina. Anayeshika kikombe hushika pia mlango. Kwanza simu ya mzee hupokewa na mtu mwingine, kwa sababu mzee hasikii vizuri. Namba yake ya siri ya fedha hujulikana na mtu mwingine, kwa sababu mzee haoni. Kisha rafiki zake wa zamani wakija huambiwa kwamba amelala. Baadaye mzee huanza kuwasema watoto wake kwa maneno ambayo si ya kinywa chake, nasi tuliomjua miaka arobaini twayasikia na kunyamaza. Mwisho huja karatasi, nayo daima ni ya haraka.

Kila jambo katika hayo laweza kuwa na sababu njema. Hata yote pamoja hayathibitishi uovu. Lakini yakikutana, yafaa mtu aende akaketi na mzee.

Sheria ya nchi nayo haikulala katika jambo hili, ingawa wengi wetu hatuijui. Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, katika kifungu cha 16, yasema habari za mtu aliye na nafasi ya kuitawala nia ya mwenzake akaitumia kujipatia faida isiyo ya haki. Na mmoja anayehesabiwa kuwa na nafasi hiyo ni yule afanyaye mapatano na mtu ambaye akili zake zimeguswa na uzee, au ugonjwa, au taabu ya mwili au ya moyo. Mapatano ya namna hiyo yaweza kubatilishwa kwa kutaka kwake aliyeonewa. Na kwa habari ya ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yataka Halmashauri ya Kijiji ikubali kabla ya haki ya kimila haijahamishwa kwa mtu mwingine. Karatasi iliyotiwa dole gumba chumbani haitoshi, hata ikiwa na muhuri wa mwandishi wa mjini.

Kwa wosia ziko njia mbili, na mahakama hutazama maisha ya marehemu yalikuwa ya namna gani ili ijue ni ipi imfuate. Iko Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo ingali hutumika Tanzania kwa Wakristo walioacha njia ya mila. Hiyo yataka mashahidi wawili au zaidi, nayo yasema kwamba wosia uliopatikana kwa udanganyifu, au kwa kulazimishwa, au kwa kusumbuliwa mno hata mtu akapoteza uhuru wake, ni bure. Tena yasema jambo la kuwafariji wazee wetu: kipofu au kiziwi hazuiliwi kuandika wosia, maadamu ajua analolifanya. Mtu aweza kusahau alichokula asubuhi, na bado akawajua watoto wake, mashamba yake na nia yake. Msiharakishe kusema kwamba baba ameishiwa akili. Mara nyingine neno hilo husemwa na mtoto ambaye baba alimkatalia jambo.

Na iko sheria ya mila iliyoandikwa katika Tangazo la mwaka 1963. Wosia wa mdomo wataka mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa maandishi, kama mwenyewe hajui kusoma na kuandika, wataka vivyo hivyo wanne; kama ajua, wawili watosha, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Uandikwe kwa wino, usiandikwe kwa kalamu ya risasi, uwe na tarehe. Mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie. Mrithi mwingine asiwe shahidi. Wosia wa maandishi haufutwi kwa maneno ya mdomo tu, ndiyo maana yule asemaye matangani kwamba mzee alimnong'oneza jambo jingine siku ya mwisho hasikilizwi. Wala mtoto haondolewi urithini ila kwa sababu nzito iliyotajwa waziwazi, kama vile kutaka kumwua mzazi, au kumwacha bila msaada katika njaa na ugonjwa. Sababu hiyo ya mwisho na isomwe polepole na watoto walioko mjini.

Shauri letu ni kwamba Mkristo aandike wosia unaotimiza njia zote mbili, yaani mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo, ambao hakuna hata mmoja wao apataye kitu. Kisha nakala moja ipelekwe kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao watu huuita RITA, maana huhifadhi wosia. Isibaki chini ya godoro la mzee, kwa kuwa anayetandika godoro ni yule yule.

Hapa twataka kusimulia habari ya Luther mwenyewe, kwa sababu si wengi waijuao. Tarehe 6 Januari 1542 aliandika wosia wake, na rafiki zake Melanchthon, Cruciger na Bugenhagen wakatia sahihi. Sheria ya Saksonia haikumpa mjane sehemu kubwa, naye Luther alitaka mkewe Katharina apate shamba la Zülsdorf na nyumba ya kukaa na vitu vya thamani. Akaeleza sababu zake: mama huyo amekuwa mke mwaminifu, atalipa madeni, na zaidi ya hayo hakutaka mama awe mtu wa kuitazama mikono ya watoto, bali watoto waitazame mikono yake. Luther hakuwapenda wanasheria, akaacha kanuni zao. Alipofariki mwaka 1546 wosia ule ulitiwa mashaka, na chansela Brück alimpinga Katharina. Ni Mteule Johann Friedrich aliyeuthibitisha. Twajifunza mambo mawili hapo. Moyo wake kwa mjane ulikuwa mwema sana, nasi twatamani kila mume Mkristo afikiri hivyo angali na nguvu. Lakini kule kudharau kanuni za sheria kusifuatwe. Yeye alikuwa na mteule wa kumwokoa mjane wake. Wajane wetu hawana.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Tulipoona nakala ile tulikwenda kwake, mchungaji pamoja nasi wawili. Safari hii tulimwomba yule kijana atuachie nafasi. Hakupenda. Mchungaji akamwambia kwa upole, "Mwanangu, kama neno la baba ni lile lile, halitabadilika ukiwa shambani." Akatoka. Tukakaa kimya kitambo. Kisha mchungaji akasema, "Baba, hatukuja kukuambia la kufanya. Twataka tu kukusikia."

Mzee hakusema kwanza juu ya kihamba. Aliuliza, "Wanangu, nani atanipa uji kesho?"

Hilo ndilo lilikuwa jibu la ile "Ndiyo" tuliyoisikia miezi minne nyuma. Alijua kwamba karatasi si sawa. Hakujua imeandikwa nini, lakini alijua. Kijana hakuwa amempiga wala kumtisha kwa neno. Siku moja alisema tu kwamba kama haoni mbele kuna nini kwa ajili yake, atarudi mjini. Na mzee, gizani mwake, alihesabu watoto wake watano, akaona kwamba hakuna hata mmoja aliye karibu kuliko mwendo wa basi.

Tulipomwuliza anataka nini, hakusita. Alitaka kijana apewe shamba la tambarare, lile la mahindi, liwe lake kabisa, kwa ajili ya miaka sita ya kazi. Kihamba kibaki kwa kitinda mimba kama desturi, ila binti wa Arusha apate kipande cha juu penye kisima, kwa sababu ndiye aliyekuja kila Krismasi. Mmoja wetu alisema kwamba ukoo hautakubali binti apewe ardhi. Ilibidi tukumbushane kwamba mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza ilikata neno juu ya mwanamke wa Kihaya aliyeachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia, kwamba ana haki ya kuliuza kama mwanamume alivyo nayo. Zaidi ya hayo, hakutuuliza.

Mambo ya sheria yalikwisha kwa urahisi kuliko tulivyoogopa. Halmashauri ya Kijiji haikuwa imeiona hati ile, nasi mashahidi tulisimama mbele yake tukasema waziwazi tulivyoingia katika jambo hilo. Ilikuwa aibu kubwa, nasi twastahili. Hati ikafutwa. Lililokuwa gumu ni kikao cha watoto. Walikuja wote watano, wamekasirika, na wawili kati yao wakataka mara moja kuchukua karatasi zote za baba na namba yake ya simu, wampeleke Dar es Salaam akae huko, kwa kumlinda. Mchungaji akawauliza kama wamemwuliza baba. Hawakuwa wamemwuliza. Ndugu, wamwonapo mwizi nje, watu wengine huingia ndani na kufanya kazi ile ile ya mwizi, nao husema wanalinda nyumba. Mzee akasema kwamba hataki kwenda mahali asipojua mlango uko upande gani.

Mwisho walikubaliana kwamba kila mwezi mmoja wao atakuja akae juma moja, na kwamba kijana atalipwa mshahara na watoto wote, fedha ikiandikwa katika daftari. Aliomba radhi kwa mzee akiwa na jani la sale mkononi kama ilivyo desturi, na mzee akalipokea. Nao watoto, kwa kuambiwa na mchungaji, waliomba radhi pia. Mmoja aliona vigumu. Juma lililofuata wosia uliandikwa kwa Kiswahili, ukasomwa kwa sauti mara mbili mbele ya mzee, mara ya kwanza akiwa peke yake na mchungaji, mara ya pili mbele ya mashahidi wanne. Sisi wawili hatukuwa miongoni mwao.

Tangu hapo usharika wetu una desturi hii. Mzee wa kanisa akiitwa kushuhudia karatasi yoyote ya mzazi aliye mgonjwa au asiyeona, hatii sahihi siku hiyo hiyo. Huisoma, au huitafutia msomaji; huomba kukaa na mzazi peke yake, hata kama mwenye kumtunza ni mtu mwaminifu kuliko wote; humwuliza aseme kwa maneno yake mwenyewe karatasi yasema nini; na kumwuliza ni nani atakayemtunza kama akikataa. Swali hili la mwisho halimo katika sheria yoyote, nasi tulilipata kwa mzee yule. Kama jibu ni kwamba hapana mtu, karatasi hungoja, na kwanza tunatafuta mtu wa uji.

Mzee aliishi miaka miwili na nusu baada ya wosia ule. Jicho moja lilifanyiwa kazi na madaktari, akaona tena migomba yake. Siku ya kuondoa matanga wosia ulisomwa uani, na ulikwisha kusomwa kabla chai haijapoa. Kijana alikuwa ameketi upande wa wafiwa, karibu na kitinda mimba. Analima shamba lile la tambarare hata leo.